Kosa Lisilofutwa: Mchoro wa Wino na Wachoraji wa Ridhaa

Seremala atiaye nakshi juu ya ubao wa mlango anachora. Mtoto akwaruzaye ukuta kwa kipande cha mkaa anachora. Na mtu aliyeketi barazani, daftari juu ya magoti, akifuata kwa kalamu mapaa ya nyumba zilizo mbele yake, naye anachora. Kiswahili hakikuona haja ya kuwa na kitenzi kimoja cha patasi na kingine cha kalamu. Wanaohesabu jambo hilo kuwa ni ufukara wa msamiati wamefanya haraka. Patasi ikiisha kula ubao, ubao haurudi. Fundi aliyekosea hana budi kuliingiza kosa lake ndani ya ua jipya, au kuuacha ubao na kushika mwingine. Kalamu ya wino ina tabia hiyo hiyo. Tabia hiyo ndiyo inayowavuta watu wengi wasio wasanii waichague, na ndiyo inayostahili kutangulia katika kuipima kazi yao.

Watu hao ni wengi, walakini hawajapata jina lililotulia. Katika michezo, mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa, na neno hilo lafaa kuazimwa kwa wachoraji, kwa kuwa ridhaa ni hiari ya moyo wala si upungufu wa ujuzi. Mchoraji wa ridhaa ni karani, mwalimu, mganga wa hospitali au mstaafu, ambaye huchora kwa kuwa apenda kuchora, wala hangoji mnunuzi. Mwaka 2007 Gabriel Campanario, mzaliwa wa Hispania na mchoraji katika gazeti la The Seattle Times la Marekani, alianza kuwakusanya watu wa namna hiyo kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2009 mkusanyiko huo ulikuwa chama kisichotafuta faida, jina lake Urban Sketchers, na mwaka 2010 wanachama walifanya mkutano wao mkuu wa kwanza katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Chama kina ilani ya vifungu vinane. Humo imeelezwa kwamba wanachama huchora papo hapo walipo, ndani ya nyumba au nje, kwa kuyatazama mambo yenyewe. Kwamba mchoro ni kumbukumbu ya wakati na mahali. Kwamba wachoraji huwa wakweli kwa yale wanayoyashuhudia. Kwamba kila chombo hukubaliwa na mtindo wa kila mtu huheshimiwa. Ni ilani fupi na ya kiungwana. Ila neno moja ndani yake, nalo ni ukweli, ni zito kuliko mengine yote, na limeachwa bila ya maelezo.

Aghalabu michoro ya ridhaa hupimwa kwa mizani mbili, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni mizani ya jumba la sanaa, ambamo mchoro wa karani huwekwa kando ya mchoro wa bingwa, ukaonekana mnyonge, mambo yakaisha. Ya pili ni mizani ya huruma, isemayo kwamba kila mchoro ni mzuri maadamu umemfurahisha mwenye kuuchora. Mizani ya kwanza humwonea mchoraji wa ridhaa, na ya pili humdharau, maana humtendea kama mgonjwa anayesifiwa kwa kula vijiko viwili vya uji. Ipo mizani ya tatu. Mchoro wa ridhaa ni ushahidi wa kutazama. Shahidi hapimwi kwa uzuri wa sauti yake. Huulizwa alisimama wapi, aliona nini, na kama alikigeuza kisa chake alipotambua kwamba wasikilizaji wangependa kingine. Kwa mizani hii kosa lililobaki juu ya karatasi ni sehemu ya ushahidi, na chombo kinacholihifadhi kosa kina daraja ambayo chombo cha kulifichia hakina.

Hoja hii haikuzaliwa pamoja na chama cha Campanario. John Ruskin, mhakiki mkubwa wa Uingereza, alianza kufundisha kuchora katika Working Men's College, chuo cha watu wa kazi kilichofunguliwa London mwaka 1854. Wanafunzi wake walikuwa mafundi waliokuja jioni baada ya kazi za mchana. Mwaka 1857 alitoa kitabu chake The Elements of Drawing, kilichoandikwa kwa sura ya barua tatu kwa watu wanaoanza. Mwaka ule ule, alipohojiwa na tume ya serikali, alieleza kwamba juhudi zake hazikukusudia kumgeuza seremala awe msanii, bali kumfanya awe na furaha zaidi katika useremala wake. Pengine hapana kauli iliyoeleza maana ya ridhaa kwa ufupi kuliko hiyo. Seremala abaki seremala. Kilichobadilika ni macho anayorudi nayo kazini.

Zoezi la kwanza la kitabu hicho halina mti, halina ua, halina uso wa mtu. Mwanafunzi huagizwa ashike kalamu nyembamba ya chuma na wino, achore mraba mdogo wenye upana wa inchi moja hivi, kisha aujaze kwa mistari myembamba ipishanayo, tabaka juu ya tabaka, hata mraba wote uwe na kivuli kimoja kisicho na doa jeusi wala pengo jeupe. Basi, hayo tu. Anayedhani kwamba hilo ni jambo dogo na alijaribu kwa nusu saa. Mkono ambao umetia sahihi maelfu ya karatasi utagunduliwa kuwa haujawahi kuamrishwa kitu chepesi kiasi hicho: usibonyeze, usikimbie, usirudie pale pale. Laiti zoezi lingefanywa kwa risasi, mwanafunzi angepaka, angesugua kwa kidole, na kivuli kingepatikana kwa hila. Wino hauna hila hiyo. Kila mstari unasimama peke yake mpaka mwisho, na mwalimu akiutazama mraba aweza kusoma ndani yake mahali subira ilipokatika.

Hata hivyo Ruskin hakuikataza risasi, na kitabu chake kina ukurasa mmoja juu ya kufuta ambao ni wenye ucheshi kupita kurasa zote. Chembe za mkate, asema, hufuta vizuri kuliko kitu kingine. Lakini huchafua, tena ni kuuharibu mkate mzuri, jambo ambalo ni baya, na kwa muda mrefu mchoro wa anayeanza hautafikia thamani ya chembe hizo. Basi atumie raba, naye aitumie kwa wepesi mno, au kwa kuikandamiza tu bila ya kuiburuta. Na alama zitakazokataa kutoka aziache, asizijali. Wasomaji hucheka kwa ajili ya mkate wakapita. Fundisho liko katika maneno ya mwisho. Mwalimu aliyekuwa mkali kuliko wote wa zama zake juu ya usahihi wa mkono alimwamuru mwanafunzi alivumilie kosa lake mbele ya macho yake mwenyewe, kwa sababu karatasi iliyosuguliwa hadi ikapoteza uso wake haiwezi tena kupokea mstari ulio sahihi.

Hapo yafaa kusema kidogo juu ya vyombo vyenyewe, kwani katika jambo hili vyombo si pambo. Kiswahili cha zamani kiliita penseli kalamu ya risasi, nayo haina risasi hata chembe. Kosa hilo si la Waswahili peke yao. Madini meusi yaliyochimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, tangu karne ya 16 yalidhaniwa kuwa namna ya risasi, na Waingereza waliyaita hivyo. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, alionyesha kwamba madini hayo ni kaboni. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté, katika Ufaransa iliyofungiwa bidhaa za Uingereza kwa sababu ya vita, alichanganya unga wa madini hayo na udongo wa mfinyanzi, akauoka, na mpaka leo penseli hutengenezwa kwa njia hiyo: udongo ukizidi penseli huwa ngumu na alama yake hupauka, udongo ukipungua huwa laini na alama hukolea. Wino mweusi wa kale nao ni kaboni, kwa kuwa ni masizi yaliyochanganywa na maji na gundi. Vyombo viwili vinavyoshindanishwa hivi vina asili moja. Tofauti yao ni mshiko. Unga wa penseli hulala juu ya nyuzi za karatasi kama vumbi, hivyo raba hulinyanyua. Masizi ya wino huingia baina ya nyuzi pamoja na gundi yake, yakakaukia humo. Raba yenyewe si kitu cha kale sana: ni mwaka 1770 ambapo Joseph Priestley aliandika juu ya kitu hicho kipya kinachoweza kufuta alama za penseli.

Kalamu ya Ruskin ilikuwa ya kuchovya. Mtu hawezi kusimama na kichupa cha wino katikati ya soko kwa raha, na kwa sababu hiyo mchoraji wa wino wa zamani hizo alikuwa aghalabu mtu wa mezani. Kalamu yenye wino ndani yake, ambayo Lewis Waterman wa New York aliipatia hataza mwaka 1884, ilimtoa nje. Ufundi wake ni mdogo na wa ajabu: chini ya nibu pana kijiti chenye mifereji miembamba, wino huteremka katika mfereji kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta katika utambi wa taa, na kila wino unaposhuka hewa kidogo hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa isipopanda, wino hausogei. Ikipanda kwa fujo, kalamu hutapika. Wino nao huchaguliwa kwa akili. Wino uliotengenezwa kwa rangi inayoyeyuka hukimbia ukiguswa na maji, na wapo wanaoupenda kwa sababu hiyo hasa, maana kidole kilicholoweshwa huugeuza mstari kuwa kivuli. Wanaotaka kupaka rangi za maji juu ya mistari hutafuta wino wa masizi uliosagwa laini kwa ajili ya kalamu hizi, kwa kuwa wino mzito uliokusudiwa kalamu ya kuchovya huganda ndani ya mifereji na kuiua kalamu.

Elimu hiyo ni tamu, na utamu wake ndio mtego. Wapo wenye kalamu ishirini na daftari ambalo halijajaa nusu. Wanajua ni wino upi unaopenya karatasi ipi, wanabishana juu ya nibu nyembamba na nibu iliyopindwa ncha, na wakiulizwa walichora nini juma lililopita huonyesha mistari ya kujaribia wino. Si dhambi kupenda vitu vizuri. Lakini huko ni kukusanya, wala hakuna kutazama ndani yake, na mhakiki hana la kusema juu ya mistari ya kujaribia wino isipokuwa kwamba ni mistari.

Turudi kwa Ruskin, kwa kuwa kuna jambo ambalo wale wanaomtaja kwa mapenzi huliruka. Ruskin hakuuamini mstari. Alifundisha kwamba macho hayaoni mistari hata kidogo; huona mabaka ya rangi, haya yamekolea na yale yamefifia, na mipaka ya vitu si kitu ila mahali baka moja linapokoma na jingine kuanza. Alitaka mwanafunzi arudishe macho ya mtoto mchanga au ya kipofu aliyefunguliwa ghafula, ambaye huona rangi kabla hajajua kuwa ni nyasi au ukuta. Kwa hukumu hiyo mchoraji wa kalamu, anayezungusha mstari mweusi pembezoni mwa nyumba, ameandika kitu ambacho hakimo duniani. Nyumba haina mstari. Mtu hawezi kumfanya Ruskin kuwa mlezi wa mchoro wa wino kisha akainyamazia hoja hii.

Jibu lake halipatikani kwa wachoraji bali kwa waandishi. Neno nyumba nalo halina paa wala mlango, na hata hivyo hapana anayelalamika kwamba mshairi amedanganya alipoliandika. Mstari wa mchoro wa wino ni wa jamaa ya neno: si sura ya kitu, bali ni tamko juu yake, lililokubaliwa baina ya anayetamka na anayesikia. Mpaka wa nyumba ukichorwa kwa mstari mmoja, mchoraji amesema, hapa ndipo ninapoona kwamba nyumba inakoma. Aweza kuwa amekosea. Kwa sababu hiyo mchoro wa kalamu una udugu na maandishi kuliko ulio nao na uchoraji wa rangi. Chombo ni kile kile, wino ni ule ule, na mkono unaochora ndio unaoandika barua. Pwani ya Afrika Mashariki udugu huo haukuwa mgeni. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne za 18 na 19 ina mapambo ya wino yaliyokaa ubavuni mwa maandishi kana kwamba mkono haukubadilisha kazi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mnakili wa tendi na mchonga mbao kwa pamoja. Na ilikuwa desturi ya wanakili wa hati za Kiarabu kwamba neno lililorukwa halikuchokolewa ndani ya mstari. Liliandikwa pambizoni na alama ikatiwa mahali pake. Msomaji aliona neno, akaona pia kwamba liliwahi kusahauliwa. Hakuna aliyeihesabu hati hiyo kuwa imeharibika.

Mchoraji wa wino hana pambizo, lakini ana kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo. Akiona kwamba mstari wa kwanza wa bega umekwenda juu mno, huweka wa pili chini yake, mahali anapodhani ndipo, na wa kwanza hubaki. Mtazamaji huona mabega mawili na macho yake huchagua. Watu waliofundishwa kwamba mchoro safi ndio mchoro mwema huona haya hapo, wakageuza ukurasa. Wangetulia kidogo wangeona kwamba baina ya mistari ile miwili kuna kitu ambacho mchoro safi hauna, yaani ule muda ambamo mtu alitazama mara ya pili.

Je, ukweli wa ilani ya vifungu vinane ndio huu? Kwa sehemu, ndio. Lakini ilani imeufunga ukweli kwa mambo yanayoshuhudiwa kwa macho papo hapo, na kufungo hicho ni chembamba mno, kama anavyoonyesha mchoraji wa ridhaa aliye mkubwa kuliko wote katika karne ya 19. Victor Hugo, ambaye dunia humjua kwa riwaya na mashairi, aliacha michoro ipatayo 4,000. Aliichora kwa kalamu na wino wa kuandikia, akachanganya na kahawa na masizi, akaacha matone yaenee kisha akayafuata yalikokwenda. Iliyo mingi hakuitangaza. Aliwapa rafiki au aliiweka. Mwaka 2025 Royal Academy ya London iliionyesha michoro hiyo, na wengi walioingia kwa ajili ya mwandishi walitoka wakimzungumzia mchoraji. Michache ilichorwa kwa kutazama kitu. Mingine ni magofu yasiyokuwapo, bahari za usiku, ngome zilizoota kutoka katika doa.

Mwaka 1854 mtu mmoja aitwaye John Tapner alinyongwa katika kisiwa cha Guernsey kwa kosa la kuua. Hugo alikuwa uhamishoni katika kisiwa jirani cha Jersey. Alikuwa ameandika kuomba mtu huyo asamehewe, na hakusikilizwa. Baadaye alichora mtu aliyening'inia katika giza, peke yake, bila ya umati, bila ya mji, mwanga kidogo ukimwangukia kutoka juu. Hakuwa ameshuhudia kunyongwa kule. Miaka michache baadaye mchoro huo ulichongwa na Paul Chenay, shemeji yake, ukapigwa chapa na kuenezwa mwaka 1861 kwa ukumbusho wa John Brown, mpinga utumwa aliyenyongwa Virginia mwaka 1859, naye pia Hugo hakumwona kwa macho. Mchoro mmoja umewafaa watu wawili, na hapana hata mmoja wao aliyekaa mbele ya mchoraji. Kwa kifungu cha ilani, huu si mchoro wa kweli. Ni vigumu kuutazama na kukubali hukumu hiyo. Kilichoshuhudiwa humo si mti wala kamba. Ni jambo ambalo mtu aliyelipinga kwa kalamu alilipinga tena kwa kalamu ile ile, maneno yalipokuwa yameshindwa.

Haifuati kwamba ilani ifutwe. Mtu anayeanza, akiruhusiwa kuchora yaliyo moyoni mwake, kwa kawaida huchora michoro ya watu wengine aliyoiona, naye hudhani ni moyo wake. Sharti la kukaa mbele ya kitu lina faida ya sharti la vina na mizani kwa mshairi mchanga: humkinga na wepesi wake mwenyewe. Lakini chama kingesema kwamba hiyo ni nidhamu, si ukweli wote, kingesema sawa. Ukweli wa mchoro hauko katika umbali baina ya mchoraji na kitu. Uko katika kutogeuza mkono baada ya kuona.

Ndiyo maana udanganyifu ulio mbaya katika michoro hii hautokani na kuchora kwa kubuni. Unatokea katika makosa ya kuiga. Mstari unaotetemeka, mapaa yaliyoinama, madirisha yasiyolingana, yamekuwa mtindo unaopendwa, kwa kuwa yanampa mtazamaji hisia kwamba mchoro ulifanywa upesi, mahali penyewe, na mtu mwenye moyo mwepesi. Basi wengine huupima mji kwa risasi na rula, hupitisha wino juu yake kwa mtetemo uliopangwa, kisha huifuta risasi. Risasi ya chini si kosa; Ruskin mwenyewe aliiruhusu, na mabingwa wengi waliitumia. Kosa ni kuifuta ili mtetemo uaminiwe. Huyo ni shahidi aliyejifunza kusitasita ili aonekane mkweli.

Kwa bahati njema makosa ya kuiga hujulikana, na mwanafunzi wa uhakiki aweza kujizoeza kuyajua. Kosa la kweli lina sababu, na sababu yake yaweza kusomwa. Mnara wa mwisho umebanwa kwa sababu karatasi iliisha. Gari lina magurudumu ya mbele bila ya nyuma kwa sababu liliondoka. Upande wa kushoto una vigae vilivyohesabiwa kimoja kimoja na wa kulia una mikwaruzo, kwa kuwa mvua ilianza au tumbo lilidai chakula. Makosa ya namna hiyo hukaa kwa makundi, pale ambapo jambo lilimzidi mchoraji, na pengine mahali palipobaki pote ni sahihi kiasi cha kushangaza. Kosa la kuiga halina sababu, hivyo limetawanywa sawasawa ukurasa mzima kama chumvi. Dirisha la ghorofa ya kwanza limepinda kwa kiasi kile kile cha dirisha la ghorofa ya nne, na hapana mahali ambapo mkono ulishindwa.

Katika kitabu cha Ruskin liko zoezi ambalo haliwezi kuigwa namna hiyo. Mwanafunzi huambiwa aokote jiwe njiani, jiwe lolote la mviringo, alichore kwa vivuli vyake mpaka lionekane la mviringo juu ya karatasi. Ruskin alidai kwamba anayeweza kulichora jiwe lile sawasawa aweza kuchora kila kitu kinachoweza kuchorwa. Jiwe halina mtaa wala jina, halina ukumbi wala mnara, wala hapana atakayeupenda mchoro kwa kuwa amewahi kufika mahali pale. Mchoraji wa ridhaa akilifanyia kazi zoezi hili kwa wino, jioni moja baada ya nyingine, hupata karatasi isiyofaa kutundikwa: ukingo mmoja wenye mistari mitatu, wa kwanza nje mno, wa pili ndani mno, na wa tatu baina yao, umewekwa kwa wepesi kuliko wenzake.